Kuficha Data Ndani ya Mafaili ya Kawaida: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Umesikia kwamba picha ya harusi inaweza kubeba barua ya siri, ukajiuliza kama ni kweli au ni maneno ya mtandaoni. Ni kweli. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mara mada hii ikizuka, kwa wanafunzi wa kompyuta, kwa watu wa ofisini, hata kwa wazazi wenye wasiwasi na simu za watoto wao. Kuna hesabu kidogo mahali fulani. Ukiiruka, mengine yote utayaelewa.

Steganografia ni nini?

Ni ufundi wa kuficha ujumbe ndani ya kitu kisichotiliwa shaka, ili anayekiona asijue hata kama kuna ujumbe. Ni wa kale kuliko kompyuta kwa karne nyingi. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, alisimulia habari za Histiaeus aliyemnyoa mtumwa wake, akamchora ujumbe kwenye ngozi ya kichwa, akangoja nywele ziote, ndipo akamtuma. Aliyepokea mgeni alichotakiwa kufanya ni kutafuta wembe.

Kwa upande wa kompyuta, mfano unaotumiwa na wataalamu hadi leo ulitolewa na Gustavus Simmons mwaka 1983. Wafungwa wawili wako vyumba tofauti na wanapanga kutoroka, lakini kila barua yao inapita mikononi mwa askari magereza. Askari akikuta barua ya herufi zisizosomeka, anaizuia na kuwatenganisha zaidi. Kwa hiyo barua isiyosomeka haiwasaidii. Wanahitaji barua inayosomeka vizuri, ya salamu na habari za nyumbani, ambayo ndani yake kuna jambo jingine.

Si ndiyo kusimba huko?

Hapana. Kusimba kunaufanya ujumbe usisomeke na asiye na ufunguo, lakini kila mtu anaona kwamba upo. Kuficha kunafanya ujumbe usionekane, lakini akishaupata mtu anausoma bila shida. Ndiyo maana wanaojua kazi hufanya vyote viwili, na kwa mpangilio huu: wanasimba kwanza, halafu wanaficha. Anayeficha bila kusimba anategemea kwamba hakuna atakayepekua, na hilo ni tegemeo dhaifu sana.

Ujumbe unaingiaje ndani ya picha bila picha kuharibika?

Picha ya kidijitali ni jedwali la nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kila pikseli ina namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Kila namba huhifadhiwa kwa biti 8, yaani alama nane za 0 au 1. Biti ya mwisho ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote: ukiigeuza, namba inapanda au kushuka kwa 1 tu. Hakuna jicho litakalotofautisha nyekundu ya 200 na nyekundu ya 201. Hapo ndipo ujumbe unapokaa.

Tuchukue herufi S. Kwa kompyuta, S ni namba 83, na kwa biti huandikwa 01010011. Tunahitaji namba nane za rangi, moja kwa kila biti. Tuseme picha yetu inaanza na hizi:

154, 86, 61, 155, 88, 61, 154, 89

Kanuni ni moja: namba shufwa inabeba 0, namba witiri inabeba 1. Tunapita namba moja baada ya nyingine. Inayolingana na biti yetu tunaiacha. Isiyolingana tunaisogeza kwa 1. Tunapata:

154, 87, 60, 155, 88, 60, 155, 89

Namba nne kati ya nane hazikuguswa kabisa, na nne zimesogea kidogo mno. Mpokeaji anasoma shufwa na witiri kwa mpangilio uleule, anapata 01010011, yaani S. Programu hufanya hivyo mara maelfu kwa sekunde. Zilizo nzuri hazianzi kona ya juu kushoto na kwenda moja kwa moja. Hutumia nenosiri kuchagua pikseli zilizotawanyika picha nzima, ili asiye na nenosiri asijue hata pa kuanzia kusoma.

Kiasi gani cha data kinaweza kuingia?

Kingi kuliko wengi wanavyodhani. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ukitumia biti moja katika kila rangi, unapata biti 6,220,800, ambazo ni baiti 777,600 (baiti moja ni biti 8). Picha ya pikseli milioni 12, ukubwa ambao simu nyingi za siku hizi hupiga, inapokea megabaiti 4.5. Ukihesabu herufi 2,000 kwa ukurasa, hizo ni kurasa zaidi ya 2,000 za maandishi matupu ndani ya picha moja ya mbuzi wa Idi.

Lakini usijaze. Kadiri unavyojaza ndivyo picha inavyozidi kuwa rahisi kugunduliwa kwa hesabu, hata kama jicho halioni kitu. Ukiwa na ujumbe wa aya tatu, picha kubwa na ujumbe mdogo ndiyo njia ya busara.

Nimeficha ujumbe, nimeutuma kwa WhatsApp, mwenzangu hapati kitu. Tatizo nini?

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na jibu lake linafundisha mengi.

Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp haiipeleki ilivyo. Huipunguza vipimo na kuibana upya kwa mfumo wa JPEG ili isile bando. JPEG inafanya kazi kwa kugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kukigeuza kila kipande kuwa namba zinazoeleza mawimbi ya rangi, kisha kuzikadiria namba hizo na kutupa kile ambacho jicho halitakikosa. Na wewe umeficha ujumbe wako pale hasa ambapo jicho halioni. Ubanaji umepita na kufagia kila kitu. Mwenzako amepokea picha nzuri, safi, isiyo na neno hata moja ndani yake.

Mitandao mingine mikubwa ya kijamii nayo hufanya hivyohivyo, kila mmoja kwa namna yake. Dawa ni kutuma picha kama hati, si kama picha. Ukiiambatanisha kwa njia ya hati, WhatsApp au Telegram hulipeleka faili lilivyo, baiti kwa baiti. Barua pepe pia kwa kawaida haigusi kiambatanisho. Ila kumbuka askari magereza wa Simmons: ikiwa watu wawili ambao siku zote hutumiana picha kama kila mtu wameanza ghafla kutumiana picha za jua likizama kama hati za megabaiti 20, tabia hiyo yenyewe inapiga kelele.

Basi niachane na JPEG?

Kwa njia ya biti ya mwisho niliyoieleza juu, ndiyo, lazima utumie PNG au BMP, ambazo hazitupi kitu wakati wa kuhifadhi. Ukificha ndani ya PNG halafu ukaihifadhi kama JPEG, umefuta kazi yako mwenyewe.

Zipo programu zinazoficha ndani ya JPEG kwa kugusa zile namba za mawimbi baada ya kukadiriwa, si pikseli zenyewe. Jsteg, OutGuess, na F5 ya Andreas Westfeld ya mwaka 2001 ni za ukoo huo. Zinafanya kazi vizuri mradi picha isibanwe tena njiani. Ikibanwa tena, yale yale.

Kuna njia isiyohitaji programu maalumu?

Ipo, na kila kijana akiigundua anadhani ameshika siri za dunia. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike:

copy /b picha.jpg + siri.zip mpya.jpg

Unapata mpya.jpg inayofunguka kama picha ya kawaida. Ukibadilisha jina liishie na .zip, au ukiifungua kwa 7-Zip, yanatokea mafaili uliyoficha. Sababu ni kwamba programu ya picha inasoma kuanzia mwanzo na kusimama inapokuta alama ya mwisho wa JPEG, baiti FF D9, wakati programu ya zip inatafuta orodha ya yaliyomo mwishoni mwa faili. Kila moja inasoma upande wake na haijali upande wa pili.

Inafurahisha, lakini haifichi kitu mbele ya mtu anayejua. Faili ni kubwa kupita kiasi kwa picha ya aina yake, na herufi PK za zip zinaonekana waziwazi ukiifungua kwa kihariri cha baiti. Programu ya binwalk inalibaini jambo hilo kwa sekunde moja. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Vipi kuhusu sauti, video na maandishi?

Sauti ya WAV ni rahisi kama picha: sampuli 44,100 kwa sekunde katika kila mkondo, kila sampuli ina biti yake ya mwisho. Dakika moja ya stirio inaweza kubeba baiti 661,500. MP3 ina tatizo lilelile la JPEG. Video ina nafasi kubwa kuliko vyote, na karibu kila jukwaa huibana upya.

Maandishi ndiyo yananivutia mimi zaidi, kwa sababu hayana pa kujificha na bado watu wamepata njia. Katika Unicode, mfumo unaotumiwa na kompyuta kuandika herufi za lugha zote, kuna herufi zisizo na upana, kama U+200B na U+200D. Zipo kwenye maandishi lakini hazionekani. Moja ukiiita 0 na nyingine 1, unaweza kupachika ujumbe mzima katikati ya neno "habari" na msomaji asione lolote. Ukinakili na kubandika sehemu nyingine, mara nyingi zinakwenda pamoja na maneno.

Kampuni hutumia mbinu za jamii hii kumnasa anayevujisha barua. Kila mfanyakazi anapewa nakala inayofanana na za wenzake, ila yake ina alama zake. Elon Musk alisimulia mwaka 2022 kwamba Tesla iliwahi kutuma barua pepe iliyoonekana sawa kwa wote, kumbe kila nakala ilikuwa na nafasi moja au mbili kati ya sentensi kwa mpangilio wa pekee. Nakala ikivuja, nafasi zinamtaja mwenyewe.

Tahadhari moja kwa wanaofikiria kutumia SMS: herufi moja tu ya namna hiyo inabadilisha mfumo wa ujumbe mzima, na nafasi ya herufi 160 inashuka hadi 70. Ujumbe mfupi ukianza kukatwa vipandevipande bila sababu, huenda kuna kitu kimenakiliwa pamoja nao.

Nimesikia Windows yenyewe ina mahali pa kuficha. Kweli?

Ndiyo. Diski za mfumo wa NTFS huruhusu faili moja kuwa na mkondo wa pili wa data, unaoandikwa kwa nukta mbili, kwa mfano barua.txt:siri.txt. Ukubwa unaoonyeshwa haubadiliki. Amri ya dir /r inaifichua, na ukilihamisha faili kwenye flashi ya FAT32 mkondo huo unapotea. Usiutegemee.

Nitumie programu gani?

Kwa kujifunza, OpenStego inatosha. Inatoa picha za PNG na ina dirisha la kubofya. Steghide inatajwa kila mahali, inaficha ndani ya JPEG, BMP, WAV na AU, na amri yake ni fupi:

steghide embed -cf picha.jpg -ef siri.txt

Lakini toleo lake la mwisho rasmi ni la mwaka 2003. Mwaka 2021 ilithibitishwa kwamba ina kasoro: aliyeificha data bila kuisimba anaweza kufichuliwa bila nenosiri lolote. Pia kuna programu iitwayo Stegseek inayojaribu manenosiri dhidi ya mafaili ya Steghide kwa kasi ya kutisha. Orodha maarufu ya manenosiri milioni 14, iliyotokana na kuvuja kwa kampuni ya RockYou mwaka 2009, inaimaliza ndani ya sekunde chache. Kama nenosiri lako ni jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, uhesabu kwamba hukuficha.

Ikiwa shida yako ni kulinda mafaili kwenye laptopu, si kuyatuma, achana na picha kabisa na utumie VeraCrypt. Inatengeneza faili moja kubwa linalofunguka kwa nenosiri, na inaruhusu kuweka hifadhi ya pili ndani ya ya kwanza. Nenosiri moja linafungua mafaili ya kawaida, la pili linafungua ya siri, na hakuna njia ya kiufundi ya kuthibitisha kwa kulitazama faili kwamba hilo la pili lipo.

Nikisahau nenosiri?

Pole. Hakuna kitufe cha "umesahau?" na hakuna wa kumpigia simu.

Je, inaweza kugunduliwa?

Mara nyingi, ndiyo, na watu hukamatwa kwa makosa ya kawaida kabla hesabu haijaingia.

Kosa la kwanza ni kutumia picha iliyochukuliwa mtandaoni. Picha halisi ipo, mtu yeyote anaweza kuipakua na kuilinganisha na yako. Pikseli zikitofautiana kwa 1 huku na kule, kesi imeisha. Piga picha yako mwenyewe, na ukishaficha, futa ile ya asili. Kosa la pili ni kuchagua picha laini: nembo, katuni, anga tupu la bluu. Pale palipo na rangi moja, pikseli iliyosogea inajitenga. Majani, mchanga, umati wa watu sokoni, ndiko kwenye fujo ya asili inayoweza kumeza fujo yako. Kosa la tatu ni kuacha programu yenyewe kwenye kompyuta. Mpekuzi akikuta OpenStego imesakinishwa, hahitaji kuwa na akili nyingi kujua atazame wapi.

Baada ya hapo ndipo hesabu inaingia. Njia ya biti ya mwisho ina alama yake. Katika picha ambayo haijaguswa, idadi ya pikseli zenye thamani 60 na idadi ya zenye 61 hazina sababu ya kulingana. Ukishajaza biti za mwisho kwa data iliyosimbwa, ambayo ni nasibu, jozi hizo zinaanza kusawazika: 60 na 61, 62 na 63, na kuendelea. Andreas Westfeld na Andreas Pfitzmann walionyesha mwaka 1999 jinsi ya kupima usawa huo, na wengine, hasa Jessica Fridrich na wenzake, wakaja na vipimo vikali zaidi. Vipimo hivyo vinaweza hata kukadiria urefu wa ujumbe. Ujumbe mdogo sana ndani ya picha kubwa bado unaponyoka, na hapo ndipo ushauri wa kutojaza unapotoka.

Kugundua si kusoma, hata hivyo. Aliyesimba kwanza, akigunduliwa, mpekuzi anabaki na biti asizozielewa.

Majasusi na magaidi wanaitumia kweli, au ni sinema?

Kuna kesi za kweli, na kuna uvumi ulioenea kuliko kesi.

Mwaka 2001 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba al-Qaeda walikuwa wakificha maagizo katika picha za minada ya mtandaoni. Niels Provos na Peter Honeyman wa Chuo Kikuu cha Michigan hawakubishana. Walipakua picha milioni 2 kutoka eBay na kuzipima. Hawakukuta ujumbe hata mmoja. Kila nikisoma habari ya "mtandao umejaa ujumbe wa siri" nakumbuka kazi hiyo.

Kesi za kweli ni hizi. Juni 2010 Marekani iliwakamata majasusi wa Urusi walioishi huko miaka mingi kama raia wa kawaida. Nyaraka za mahakama zilieleza kwamba walipewa programu maalumu ya kuficha ujumbe ndani ya picha zilizowekwa kwenye tovuti za wazi. Programu ilifunguliwa kwa kubonyeza vitufe vitatu na kuandika nenosiri la herufi 27. FBI walilipataje? Walipekua nyumba ya baadhi yao kimyakimya mwaka 2005 na kukuta karatasi yenye herufi hizo 27, wakaipiga picha. Programu ilitengenezwa na idara ya ujasusi ya taifa kubwa, na ikafunguliwa kwa kikaratasi.

Mwaka 2011 huko Berlin, polisi walimkamata kijana wa Kiaustria akiwa na kadi ya kumbukumbu. Ndani yake kulikuwa na video ya ngono, na ndani ya video kulikuwa na nyaraka za al-Qaeda zaidi ya 100. Wataalamu wa Ujerumani walitumia wiki kadhaa kuzitoa.

Ya tatu ndiyo ningewashauri waajiri waisome. Mhandisi wa General Electric katika jimbo la New York alishtakiwa kwa kuchukua mafaili ya mitambo ya umeme ya mwajiri wake, kuyaficha ndani ya picha ya jua likizama, na kujitumia kwa barua pepe. Alikamatwa mwaka 2018, akatiwa hatiani mwaka 2022 kwa kula njama za ujasusi wa kiuchumi, na Januari 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Kampuni ilikuwa tayari inaichunguza kompyuta yake ya kazini kabla hajaituma picha ile.

Kwenye magrupu wanasema usifungue picha fulani kwa kuwa ina virusi. Ni kweli?

Jumbe nyingi za namna hiyo ni uzushi unaozunguka miaka nenda rudi. Picha ni data ya kutazamwa. Data iliyofichwa ndani yake haijiendeshi. Lazima kuwe na programu nyingine, tayari ndani ya kifaa chako, inayoitoa na kuiendesha.

Wahalifu wanalijua hilo, kwa hiyo picha huwa hatua ya pili. Mwaka 2022 watafiti wa Securonix walieleza shambulio lililotumia picha maarufu ya darubini ya James Webb. Mtu alipokea barua pepe yenye hati ya ofisi. Akiruhusu makro (amri zinazojiendesha ndani ya hati), hati inapakua picha ile, na makro inachomoa msimbo uliofichwa ndani na kuuendesha. Bila ile hati, picha ingebaki picha ya galaksi. Mwaka 2016 ESET nao walieleza matangazo ya mtandaoni yaliyoficha msimbo katika kiwango cha uwazi cha pikseli, yakiwalenga waliotumia Internet Explorer na Flash za zamani.

Hali ya pekee ni kasoro katika programu inayosoma picha. Septemba 2023 iligunduliwa kasoro ya namna hiyo katika libwebp, msimbo wa kusomea picha za WebP unaotumiwa na vivinjari karibu vyote. Hapo picha yenyewe inaweza kushambulia, na kinga ni kusasisha simu na kivinjari, si kusambaza ujumbe wa onyo kwa watu 20.

Binti yangu ana programu ya kikokotoo inayofungua picha akiandika namba. Ni steganografia?

Si hasa, mzazi mwenzangu. Hizo ni hifadhi zilizovaa sura ya kikokotoo. Nyingi huhamishia picha kwenye folda ambayo galari haiisomi, na baadhi hata hazisimbi. Angalia orodha ya programu kwenye mipangilio ya simu, utaona kikokotoo cha pili kinachotumia gigabaiti mbili. Mazungumzo na binti ni bora kuliko upekuzi, lakini hilo liko nje ya ukurasa huu.

Je, mafaili yangu yanaweza kubeba siri ambazo sikuziweka mimi?

Ndiyo, na kwa watu wengi hii ndiyo sehemu ya kuogopa. Wengi hawatawahi kuficha ujumbe ndani ya picha, ila kila siku wanatuma mafaili yenye mambo wasiyoyajua.

Picha ya simu hubeba metadata ya EXIF: aina ya simu, saa, na kama hujazima, mahali ulipoipigia kwa GPS. Desemba 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya kinga ya virusi ya McAfee, alikuwa mafichoni akiikimbia polisi ya Belize. Waandishi wa jarida la Vice waliokuwa naye wakachapisha picha yake bila kuisafisha, na GPS iliyokuwemo ikaonyesha yuko Guatemala. Hapa kuna kinaya: WhatsApp hufuta metadata hiyo ukituma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukituma kama hati, njia ileile niliyosema inalinda ujumbe uliofichwa, mahali ulipo panakwenda nayo.

Hati za Word hubeba jina la mwandishi na mara nyingine historia ya masahihisho. Februari 2003 serikali ya Uingereza ilitoa waraka kuhusu Iraki ukiwa faili la Word, na ndani yake yakakutwa majina ya waliouhariri. Kwenye Excel, karatasi "iliyofichwa" inarudi kwa mibofyo miwili. Usimtumie mtu jedwali la mishahara ukidhani karatasi uliyoificha hataiona. Kwenye PDF, kisanduku cheusi juu ya maneno hakifuti maneno. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani PDF ya namna hiyo. Waandishi wa habari walinakili na kubandika, wakasoma yote.

Hata kukata picha kunaweza kukusaliti. Machi 2023 ilibainika kwamba kihariri cha picha za skrini cha simu za Google Pixel kilikuwa kikiandika picha iliyokatwa juu ya ile ya zamani bila kufuta mabaki mwishoni mwa faili. Watu waliokata namba za kadi zao za benki walikuwa wamezituma. Programu ya Windows 11 ya kupiga picha skrini ikakutwa na kasoro ya aina hiyo.

Na usidhani ukichapisha kwenye karatasi umepona. Printa nyingi za leza za rangi huweka nukta ndogo za njano zisizoonekana kwa urahisi. Mwaka 2005 EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za kidijitali, lilizifumbua za Xerox DocuColor na kukuta namba ya mashine, tarehe na saa ya kuchapisha.

Ni kosa kisheria?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zinashughulika na ulichofanya: kuingia mifumo isiyo yako, kuiba data, kulaghai, kusambaza maudhui yaliyokatazwa. Kuficha hakukusafishi kosa. Zote mbili zinawapa polisi mamlaka ya kukamata na kupekua vifaa. Walio Uingereza wajue kuwa kule, kwa sheria ya mwaka 2000, kukataa kutoa nenosiri ukiamriwa kisheria ni kosa lenyewe, na kifungo chake hufika miaka 2 katika kesi za kawaida. Ukiwa na jambo zito, muulize wakili.

Nina faili ninalolishuku. Nianzie wapi?

Fanya nakala, na ufanye kazi kwenye nakala tu. Kisha tazama ukubwa: picha ya pikseli 800 kwa 600 yenye megabaiti 9 ina maelezo ya kutoa. Endesha exiftool usome metadata yote. Endesha binwalk uone kama kuna faili jingine limegandishwa mwishoni. Amri ya strings itakutolea maneno yanayosomeka, na mara nyingi jibu linakuwa mistari michache ya mwisho. Kama ni PNG au BMP, jaribu zsteg, inayopitia mipangilio mingi ya biti za mwisho kwa mkupuo. Kama ni JPEG, jaribu Stegseek na orodha ya manenosiri. Itafute pia picha hiyo kwa utafutaji wa picha mtandaoni. Ukiipata ya asili, zilinganishe.

Kama faili linahusu wizi kazini au kesi yoyote, ishia kwenye hatua ya kwanza. Zima kifaa, kiweke pembeni, andika nani alikishika na lini, na mkabidhi mchunguzi. Kila unapolifungua faili la asili unaweza kubadilisha tarehe zake, na tarehe hizo ndizo wakili wa upande wa pili atakazoanza nazo.